Wageni tisa Jumamosi, nguo za wiki nzima na biriani: siku yako uipange hivi

Dada mmoja wa Kisauni, Mombasa, ameniuliza hivi: "Assalaam aleikum bi mpishi. Mi nafanya kazi Jumatatu mpaka Ijumaa natoka saa kumi na moja jioni, kwa hivyo Jumamosi ndo siku yangu ya kufua, kusafisha nyumba na kila kitu. Sasa Jumamosi ijayo mavyaa wangu, wifi zangu wawili na watoto wao na ami wa mume wangu wanakuja kutoka Nairobi na treni ya asubuhi, jumla watu tisa, watalala. Na sisi nyumbani tuko wanne. Nataka kuwapikia biriani ya mbuzi, samaki wa kupaka na wali wa nazi. Mara ya mwisho walikula saa nne usiku na mimi sikukaa nao hata kidogo, nilikua jikoni natokwa jasho. Bomba letu linatoa maji siku mbili tu kwa wiki na kisima cha ploti kina chumvi. Nifanyeje?"

Waaleikum salaam mwanangu. Ntaanza na jibu lenyewe alafu nieleze. Samaki wa kupaka mtoe kwenye chakula cha Jumamosi usiku, wali wa nazi pia utoe, bakisha biriani peke yake, na rojo la hiyo biriani ulipike Ijumaa usiku. Nguo za wiki nzima zisifuliwe Jumamosi. Ukikubali haya mengine yote ni madogo, usipokubali hata nikikupangia saa kwa saa bado utawapakulia saa nne.

Vyakula viko vya aina mbili, kuna kile kinachongoja mgeni na kuna kile mgeni ndo akingoje. Rojo la biriani likilala usiku mmoja linazidi utamu manake viungo vinaingia kwenye nyama, hata rangi kesho yake inakolea. Samaki wa kupaka yeye ni kinyume, anataka mtu asimame kwenye jiko la makaa, ageuze, apake tui, ageuze tena apake tena, na akitoka motoni aliwe hapohapo, yaani mavyaa wako anavua viatu mlangoni na wewe uko uani macho yamejaa moshi. Kwa hivyo samaki mpeleke Jumapili mchana, wageni wako wanalala si ndio, na Jumapili mko nyote nyumbani, huyo ami anaweza kukalia kigoda hapo uani mkapiga stori huku unapepea makaa. Na wali wa nazi utakwenda na huyo samaki, ndo mwenzake. Biriani na wali wa nazi usiku mmoja ni wali juu ya wali, nusu utabaki. Biriani nzuri ikiwa na kachumbari, pilipili ya ukwaju, ndizi mbivu na sharubati, hiyo sufra imetimia kabisa, hakuna mtu wa Nairobi atauliza samaki yuko wapi.

Sasa maji, manake Kisauni huwezi kuanza na nyama kabla hujaanza na maji. Siku yenu ya bomba ikifika kabla ya Jumamosi jaza kila kitu, tanki, mitungi, madebe, hata sufuria kubwa zenye vifuniko. Mi nikipanga shughuli nahesabu mgeni mmoja anayelala mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku, nusu ya kuoga nusu ya choo na kunawa, wageni wako tisa hao ni mitungi tisa, nyinyi wanne ongeza minne, na ya kupikia na kuosha vyombo weka mingine mitano. Yakipungua mwambie mume wako amtafute mwenye mkokoteni Ijumaa, asingoje Jumamosi manake siku ya wikendi kila nyumba inamwita. Maji ya kisima yana kazi yake usiyadharau, ni ya choo, ya kupiga deki, ya kuosha sufuria ile mara ya kwanza. Lakini usiyapikie wali na wala usifulie shuka, sabuni haitoi povu vizuri kwenye maji ya chumvi, utamimina sabuni nyingi na shuka zitakauka ngumu. Na kama ulikua na fikra ya mbaazi za Jumapili asubuhi nazo zichemshe kwa maji matamu, yale ya kisima yanaichelewesha mbaazi kuiva, gesi inaisha na mbaazi bado inagonga meno. Maji ya kunywa na ya barafu yachemshe Ijumaa yapoe usiku. Barafu nasisitiza, watu wanachemsha maji ya kunywa alafu wanagandisha barafu ya maji ya mkokoteni, na watoto wa wifi ndo wanaoumwa tumbo.

Nguo. Nakujua una dhiki ya kikapu cha wiki nzima, lakini kikapu hakina haraka, mgeni anayo. Zinazohitajika ni shuka, foronya, mataulo na yunifomu za watoto basi. Hizo zifue Alhamisi usiku, uzianike Ijumaa alfajiri kabla hujaenda kazini, na mtu wa nyumbani azianue kabla ya jua kuzama manake unyevu wa pwani nguo ikilala nje inarudi kua baridi na inatoa harufu. Kama ni msimu wa mvua za masika zipe siku mbili kabisa. Zilizobaki zifunge kwenye gunia, ingiza chumbani, au ukiweza mlipe mama wa kufua nusu siku Ijumaa na hiyo pesa usiione ni hasara, ni hela ambayo ungeitumia kwa dawa ya mgongo.

Basi tuje kwenye biriani yenyewe, hapa ntakaa kidogo. Mko watu kumi na tatu na watoto ndani yake, mchele kilo 2 unatosha na unabaki kidogo, pishori mzuri au basmati, usichanganye. Mbuzi kilo 3 manake ana mifupa, muombe mwenye bucha paja na mbavu, akukatie vipande vikubwa, vidogo vinapotea kwenye rojo. Vitunguu kilo 2, usishtuke, biriani ni vitunguu. Tungule, yaani nyanya, kilo 1 na nusu, viazi kilo 1 na nusu, mtindi nusu lita, thomu (kitunguu saumu) na tangawizi, bizari ya pilau, mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga, dania, ndimu na zafarani kidogo. Viungo na mchele nunua mapema wiki hiyo, ukipita mjini ingia soko la Marikiti wakusagie mbele yako, vya paketi vishakaa havina harufu. Vitunguu na viazi vya soko la Kongowea, mume wako atavibeba.

Nyama inunuliwe Alhamisi jioni. Ioshe, ichuje maji kabisa, itie mtindi, thomu na tangawizi ya kusagwa, chumvi, ndimu, nusu ya viungo, ifunike ilale kwenye friji. Watu wengi wanatia papai bichi hapo, papai linalainisha nyama kweli lakini likilala nayo usiku kucha nyama inakua uji, haina nyuzi, unaishika inavunjika. Kama mbuzi ni mzee tia kijiko kimoja cha papai la kuparwa saa moja kabla ya kupika, hapo panatosha.

Ijumaa ukitoka kazini pumzika, swali magharibi, alafu uingie jikoni. Kata vitunguu vyembamba vyote sawasawa, visivyolingana vitaungua vingine na vingine bado vibichi. Mafuta yawe mengi na yawe moto, tia kidogo kidogo, na uvitoe vikianza tu kua rangi ya dhahabu, usingoje viwe kahawia ndani ya mafuta, vitaendelea kujiiva vyenyewe kwenye chujio na ukichelewa vitakua vichungu na uchungu ule hautoki hata utie sukari. Vitandaze kwenye sinia vikauke, ukivishika vivunjike. Robo weka pembeni ya kunyunyizia juu ya wali, hizo robo tatu zivunjevunje kwa mkono. Mafuta yake usimwage hata tone.

Kwa mafuta hayohayo, machache, kaanga tungule mpaka mafuta yajitenge juu, hapo ndo watia nyama na mtindi wake wote, funika, moto mdogo, ijipike kwa maji yake. Ikikaribia kuiva tia vitunguu ulivyovunja, viungo vilivyobaki na tungule ya kopo kijiko kimoja ukipenda rangi. Rojo la biriani lazma liwe zito, likiteleza kama mchuzi si biriani tena. Onja chumvi. Viazi usivitie Ijumaa, vikilala kwenye rojo vinanyonya chumvi na kumung'unyika, utavikaanga Jumamosi na kuvitumbukiza wakati unapasha.

Sasa hapa ndo watu wengi wa mjini kwetu wanaharibu, wanapika vizuri alafu wanaacha sufuria kubwa jikoni mpaka asubuhi wakisema ipoe. Na joto letu la Mombasa hilo, hasa Februari na Machi linapopita nyuzi 32, chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa moja, na hata siku za baridi kidogo mwisho ni saa mbili. Wala usiingize sufuria ya moto nzimanzima kwenye friji, katikati haitapoa haraka na utapasha joto maziwa na vitu vingine. Gawa rojo kwenye bakuli mbili tatu pana, ziweke kwenye beseni la maji baridi, koroga koroga, zikipoa ndani ya friji zote. Jumamosi unapopasha hakikisha inachemka mpaka katikati, si kupata vuguvugu tu.

Ijumaa hiyohiyo roweka ukwaju, uchuje, utie pilipili ya kusaga, thomu na chumvi na sukari kidogo, uchemshe. Hiyo inakaa kwenye friji wiki bila kuharibika.

Jumamosi yenyewe sasa utaona imekua nyepesi. Asubuhi usipike, safisha. Anza juu kwenda chini, yaani buibui na vumbi la feni kwanza, alafu kochi na meza, mwisho sakafu, manake ukipiga deki kwanza utapiga mara mbili. Choo na bafu vitie nguvu kuliko mahali pengine popote, mgeni anayelala anakaa peke yake mule ndani na anaona kila kitu. Chumba kimoja kifunge na kila kisicho na mahali kitupwe humo, hakuna aibu. Watoto wako wafute madirisha na wapange viatu. Viazi na kitu chochote cha kukaanga maliza kabla ya adhuhuri, alafu ndo upige deki jikoni na ufungue madirisha, ukikaanga baada ya kusafisha harufu ya mafuta inalala kwenye mapazia mpaka Jumapili. Sharubati tengeneza mapema pia, ya maembe au ukwaju, iingie friji. Alafu lala. Kweli lala, hata nusu saa, baada ya kuswali adhuhuri.

Treni ya asubuhi kutoka Nairobi inaingia stesheni ya Miritini mchana. Kutoka Miritini mpaka Kisauni watu tisa na mabegi, wapite mjini na Nyali Bridge na foleni yake, mpaka wafike kwako ni alasiri imeshaingia. Sasa fikiria, wameondoka Nairobi asubuhi, kwenye treni wamekula vitu vidogo, wamefika na njaa na chakula ni cha usiku. Ni hapo watu wanaharibikiwa, mwenye nyumba anaona wageni wana njaa anaanza kukimbiza biriani, wali unatoka mbichi kati, anatia maji, unakua bokoboko. Usikimbize. Wape chai ya maziwa yenye tangawizi na viazi karai na bhajia, na usizipike wewe, kila mtaa Kisauni una mama wa viazi karai jioni, muagize tangu asubuhi kwamba saa kumi unataka za watu kumi na tatu na pilipili yake ya ukwaju. Wale wa Nairobi hizi wanazitamani kuliko biriani. Wakishakula wataoga na watoto watacheza, na wewe umekaa nao, unasikia habari za safari, na mpaka isha hakuna mtu atakuuliza chakula.

Mchele roweka nusu saa, baada ya magharibi. Sufuria kubwa, maji mengi yanayochemka na chumvi ya kutosha, maji yawe na chumvi ya kuonja vizuri. Mimina mchele, na uchote punje uibane kwa kidole, ikikatika lakini katikati bado kuna kiini kigumu kidogo, mwaga maji mara moja. Rudisha sufuria kwenye moto mdogo sana, tia yale mafuta ya vitunguu chini kidogo na juu kidogo, zafarani uliyoiloweka kwa maji moto inyunyizie sehemu moja tu ili upate punje nyeupe na za njano, funika na foili kisha kifuniko. Kama una jiko la makaa wapalia, makaa machache chini na mengine juu ya kifuniko, dakika 20 na haunguzi. Kwa gesi weka bati la chapati chini ya sufuria, inazuia moto kupiga mahali pamoja. Wakati huo rojo linapashwa na viazi ndani. Haya yote ni saa moja tu, na nusu yake wali uko umefunikwa na wewe unafanya mengine.

Kachumbari ni ya mwisho kabisa. Vitunguu katakata, vikande na chumvi, vioshe, hapo ukali unatoka. Tungule, dania na pilipili mbichi changanya lakini chumvi na ndimu zitie unapopakua, ukitia mapema inatoa maji na inaogelea.

Na mavyaa wako atakuja jikoni, hilo lijue. Usimfukuze kwa adabu ile ya "aa mama kaa tu wewe umechoka", mama mtu mzima ukimkalisha sebuleni kutwa anahisi ni mgeni kwa mwanawe. Mwekee kiti mlangoni penye upepo na umpe kisu na tungule za kachumbari, au umwambie "mama hebu nionjee rojo hili". Atakuambia chumvi, tia kidogo, hata kama ungeitia mwenyewe. Wifi zako wape kukatakata matunda na kupanga mkeka. Mume wako nae kazi yake iseme mapema na uiseme wazi, maji Ijumaa, Miritini Jumamosi, kahawa na halwa ya usiku. Halwa hazipikwi nyumbani siku kama hii, anunue ya Old Town na kahawa tungu kwenye chupa ya chai, ndo tamutamu yenu imeisha.

Kupakua, tumia sinia. Tandika mkeka, sinia tatu, moja ya watoto ndo itoke kwanza manake wakishiba wanalala, moja ya wanawake na moja ya wanaume au mchanganyike mnavyoishi nyinyi. Birika na beseni zizunguke kunawa. Ukitoa sahani kumi na tatu na bakuli kumi na tatu utaziosha kwa maji gani? Sinia tatu unaosha kwa ndoo moja. Huyo ami kama magoti yanamsumbua mpe meza na sahani yake.

Mkimaliza, kabla ya kahawa, inuka dakika kumi uingize wali na rojo vilivyobaki kwenye friji, kila kimoja kwenye chombo chake. Wali hasa usiuache usiku juu ya jiko, una vijidudu ambavyo kupasha asubuhi hakutoi sumu yake. Sufuria na sinia zilowekwe tu, asubuhi mtaosha na wifi zako.

Jumapili mume wako apite mapema kununua samaki, changu au tafi wazima, kila wawili watu wanne au watano kama ni wakubwa. Jicho liwe limetuna na linang'aa, shavu jekundu ndani, na wawe wamelala kwenye barafu. Akikosa akaambiwa kuna nguru au jodari, achukue tu kama wamekaa barafuni tangu kuvuliwa, samaki hao wakipigwa na joto wanafanya kitu kinachowasha mwili na kufanya uso uwe mwekundu, na kuwapika hakukiondoi. Wachane mbavuni, thomu, pilipili, ndimu na chumvi, choma kwanza nusu ya kuiva bila tui. Tui la kwanza, zito, lichemshe na manjano, thomu na ukwaju, ukikoroga bila kuacha mpaka lishike, ukiliacha lichemke peke yake linakatika. La pili lile jepesi ndo la wali. Na nazi zikunwe asubuhi hiyohiyo, tui la Jumamosi kwa joto hili litakua limechacha.